Fundi Jicho na Swali la Kinyume

Mama mkwe wangu ni fundi wa nguo, na hapimi mtu kwa futi. Futi anayo, ya manjano, namba zake zimefutika hadi huwezi kutofautisha kumi na kumi na tisa, naye huivaa shingoni kutwa nzima kama mkufu. Nilipoolewa nilidhani anaitumia. Baadaye nikagundua ameivaa ili wateja wapya wasiingiwe na hofu. Mteja akisimama mlangoni, yeye anainua macho kutoka kwenye cherehani, anamtazama mara moja toka bega hadi kisigino, halafu anauliza tu, "Unataka ifike wapi?" Basi. Nguo ikitoka, inakaa. Ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Fundi Jicho.

Tunafanyia kazi chumba cha mbele. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga, nyeusi, gurudumu lake limeng'aa pale kiganja kinaposhika. Mimi niko upande wa pili na pasi: kazi yangu ni vifungo, pindo na kunyoosha, huku mwanangu mdogo yuko mgongoni. Katikati kuna meza ya kukatia, na chini ya meza hiyo, juu ya mabaki ya vitambaa, ndiko alikokulia binti yangu mkubwa, ambaye sasa ana miaka sita.

Binti huyo tunamwita Kifungo. Jina alilipata kwa bibi yake siku alipozaliwa, kwa sababu ya macho: meusi, ya mviringo, yamekaa sawasawa kama yameshonwa na mtu anayejua kazi. Jirani yetu muuza mkaa aliposikia alicheka sana.

"Kifungo? Cha miaka mingapi?"

"Cha maisha," mama mkwe akamjibu. "Na rufaa hakuna."

Nami toka siku hiyo nikawa Mama Kifungo, hata wasionijua wanadhani mume wangu yuko jela. Kumbe masikini yuko juu ya nguzo za umeme, anarudi kila mwisho wa mwezi.

Kuna mchezo wa bibi na mjukuu ambao lazima niueleze, maana ndio ulioleta yote. Mama mkwe alijifunza ushonaji kwenye karakana ya wanawake kumi na wawili, na wanawake wale, ili waweze kumsema mteja mbele yake bila kuzua ugomvi, walikuwa wanaongea kinyume. Unachukua mkia wa neno unaufanya kichwa. Maji yanakuwa jima. Nguo inakuwa ongu. Kifungo anakuwa Ngokifu. Ukishazoea, unayamwaga maneno kama mvua juu ya bati. Binti yangu alikuwa hajajua kuvaa viatu mwenyewe, lakini kinyume alikuwa anakijua. Siku moja akaingia bwana mmoja anataka suruali, tumbo limemtangulia mlangoni. Bibi mtu, bila kuinua kichwa, akasema taratibu, "Mbikita." Yaani kitambi. Chini ya meza kikasikika kicheko.

"Huyu mtoto anacheka nini?"

"Amefurahia rangi ya kitambaa chako," mama mkwe akasema. "Una jicho la kuchagua, baba."

Hata mimi walijaribu kunifundisha, lakini masikio yangu mazito. Wakianza, nabaki natazama midomo yao kama anayetazama watu nyuma ya kioo. Kitu kimoja tu nilikishika.

"Mama, sema mama kinyume," Kifungo aliniambia.

Nikageuza. Mama.

"Umeona? Mama hageuki. Bibi hageuki. Baba hageuki. Dada naye hageuki."

"Na babu?" nikauliza.

Mama mkwe akakata uzi kwa meno. "Babu ndiye anayegeuka peke yake. Ndiyo maana aliondoka."

Habari za shule yake mama mkwe alinisimulia mwenyewe, siku moja ya mvua kubwa ambayo wateja hawakuja. Alikuwa darasa la pili, ana miaka minane. Mwalimu alichora ubaoni mstari, akamsimamisha, akamwuliza mstari ule una inchi ngapi. Yeye akanyoosha mkono, akaachanisha kidole gumba na cha shahada, akasema, "Kiasi hiki." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaweka rula ubaoni, akasoma jibu mwenyewe, akamwambia akae chini.

"Hakuileta rula kwenye vidole vyangu," mama mkwe aliniambia. "Angeileta, angeona."

Mwisho wa muhula baba yake akaitwa. Akaambiwa, huyu hana akili ya shule, mpeleke akashone.

"Alilisema akashone kama mtu anayesema akafie mbali," alisema huku akicheka. "Nilipelekwa kama adhabu, nikakuta ni zawadi."

Alicheka, na mimi nikacheka. Lakini nimekaa naye miaka saba, na nimeona jambo. Barua yoyote ikitoka shule, hata ya kutangaza siku ya kufunga, anaishika kwa ncha za vidole viwili, kama anavyojaribu pasi iwapo imepata moto.

Mwaka huu, miezi michache kabla Kifungo hajamaliza chekechea, shuleni kwao akaja mtafiti kutoka chuo. Ni dada mmoja mwembamba, mkoba mkubwa mgongoni, anayechunguza jinsi watoto wanavyofikiri na wanavyojifunza. Watoto walimwita Dada wa Picha, kwa kadi zake. Alituita wazazi, akatueleza vizuri bila kujikweza, tukatia sahihi. Nakumbuka alisema mara mbili kwamba majibu ni ya utafiti tu, hayampandishi mtoto wala hayamshushi.

Siku ya zamu yake Kifungo alirudi anarukaruka. Kulikuwa na kadi, kulikuwa na vipande vya mbao vya kupanga, kulikuwa na hadithi ya kukumbuka.

"Halafu tukacheza mchezo wa bibi!" akasema.

Nilikuwa namlisha uji mdogo wake, na uji ulikuwa unaingia puani kuliko mdomoni. "Hongera, mama," nikamjibu. Neno lile nikaliacha lipite.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Ana watoto wengi, walimu wachache, na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama Kifungo, nimeziona karatasi za yule dada. Sehemu ya kumbukumbu, binti yako kapata sifuri. Si moja, si mbili. Sifuri. Mimi naona akili yake bado haijaiva. Tumwache chekechea mwaka mmoja zaidi."

"Yule dada alisema karatasi hazimshushi mtoto, mwalimu."

"Wala simshushi. Namsubirisha."

Mimi ni mtu wa kupata majibu nikishafika nyumbani. Nilishukuru, nikatoka.

Nilipomweleza mama mkwe, cherehani ilisimama. Juu ya meza kulikuwa na sketi ya sare ya darasa la kwanza, tayari imekatwa. Aliikata mapema kwa furaha tu. Aliichukua, akaikunja mara nne, akapanda kwenye stuli, akaiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya boksi la nyuzi.

"Wamesema akashone?" akauliza.

"Hapana, Mama. Wamesema asubiri."

"Ni neno lilelile. Limebadilishwa nguo tu."

Siku tatu hakuongea kinyume. Kifungo alikuja akasema, "Jima, bibi," akapewa maji kimya, na mtoto akanitazama mimi kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Siku ya tatu jioni, tunakunja vitambaa, mama mkwe akasema bila kunitazama:

"Labda mimi ndiye niliyemwambukiza."

"Nini, Mama?"

"Uzito wa kichwa. Amekaa na mimi mno chini ya meza hii. Ungempeleka kwa mama yako, angekuwa mwingine."

Nilitamani kumshika mkono, lakini kati ya mtu na mama mkwe wake kuna mipaka. Nikashika pembe nyingine ya kitambaa, tukakunja pamoja. "Mtoto wangu ana macho yako," nikamwambia. "Mimi sitaki mwingine." Kesho yake asubuhi nilimkuta amevaa gauni lake la kutokea.

"Yule dada bado yupo?"

"Yupo hadi Ijumaa."

"Twende. Wanasema kuuliza si ujinga. Basi na wanaouliza waulizwe. Anipime mimi, nisikie mtoto aliulizwa nini."

Mtafiti alikuwa amepewa chumba kidogo cha kuwekea vitabu, chenye meza fupi na viti vya watoto. Nilimwacha Kifungo nje ya mlango, nikamwambia asiseme neno. Mama mkwe akajikalisha kwenye kiti cha kitoto, magoti yakafika kifuani.

"Lakini Mama, maswali haya ni ya watoto wa miaka sita," mtafiti akasema kwa upole.

"Na mimi shule niliishia miaka minane. Hatujapishana sana, mwanangu. Uliza."

Mtafiti akatabasamu, akatoa kadi. Mimi nilisimama ukutani namtikisa mdogo mgongoni, na kutoka pale niliona alichokuwa hakioni mtafiti: mkono wa kulia wa mama mkwe ulikuwa mfukoni, umeshika kibiringo cha uzi, unakizungusha, unakizungusha. Mwanamke huyu niliwahi kumwona akikata hariri ya bibi harusi huku anapiga hadithi. Sasa alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo mbele ya picha ya kuku.

Za picha akajibu. Mbao akapanga, haraka kuliko mtafiti alivyozimwaga. Ikaja sehemu ya kumbukumbu.

"Sasa Mama, nitakutajia namba, wewe uniambie kinyume. Sawa? Tatu, saba."

Mkono mfukoni ukatulia. Nikaona uso wake unafunguka polepole, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina la utotoni.

"Tuta, basa," akasema.

Mtafiti akainua kalamu. "Samahani, Mama?"

"Tuta. Basa."

Mlango ukasukumwa. "Bibi kapata!" Kifungo akapiga kelele. "Na mimi nilisema hivyohivyo!"

Mtafiti alimtazama mtoto, akamtazama bibi, akanitazama na mimi. Nadhani alifikiri tumekuja kumdhihaki. Kisha akavuta faili, akapekua, akatoa karatasi ya Kifungo. Na hapa namshukuru yule dada hadi leo, kwa sababu mtu mwingine angeandika sifuri akaendelea na safari. Yeye pembeni ya sifuri, kwa penseli, alikuwa ameandika kila sauti mtoto aliyoitoa. Akaisoma kwa kidole:

"Tuta, basa. Nota, jamo. Tasi..." Akavua miwani. "Nilidhani anabwabwaja."

"Anabwabwaja vipi?" mama mkwe akasema. "Umemwambia aseme kinyume, kasema kinyume. Ulitaka nini?"

"Nilitaka aanze na ya mwisho. Saba, tatu."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma ya kweli. "Ungesema."

Hapo mtafiti akajifunika uso kwa faili, mabega yakaanza kutikisika. Alipojifunua macho yalikuwa na machozi ya kucheka. "Nijaribu tena, Mama. Sita, tisa, mbili, nane."

"Tasi, sati, limbi, nena."

"Nne?"

"Nne kichwa ngumu, haigeuki. Hiyo unaiacha ipite na kiburi chake."

Yule dada akajaribu mwenyewe kuigeuza tisa na tano, ulimi ukamfunga njiani, Kifungo akamsahihisha. Mara akapiga meza. "Ngojeni! Meza ya dirishani!" Akatoa karatasi nyingine tatu. Watoto wanne waliokaa meza moja, wote sifuri sehemu ileile, na wote pembeni wameandikiwa mambo ya tuta na basa. Alisema wiki nzima amekuwa akijiuliza kama ni mwanga wa dirisha unaowasumbua.

"Niliwafundisha mimi," Kifungo akasema. "Walikuwa hawajui hata kuomba maji."

Basi akaulizwa upya, safari hii kwa maneno yaliyonyooka: anza na ya mwisho. Namba mbili akazirudisha. Tatu akazirudisha, akikunja vidole. Za nne, moja ikamdondoka, akabaki anaitafuta darini. Mtafiti akaniambia, "Yuko sawa na wenzake." Wapo wazazi ambao neno hilo lingewaudhi. Mimi nilihisi kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani. Sawa na wenzake. Nilitaka nini tena?

Mama mkwe naye akataka amalizie zake. Akafika namba tano. Sita zikamshinda, akasonya kidogo, akauliza:

"Mwanangu, hii sehemu inapima nini hasa?"

"Inapima kushika kitu kichwani, Mama, na kukigeuza bila kukidondosha."

"Kumbe ni kazi yangu." Akavuta ncha ya mkono wa gauni lake, akaugeuza ndani nje, mshono ukaonekana. "Nguo yote inashonwa hivi, kinyume. Unashona ya ndani ukiiona ya nje. Mkono wa kushoto unaukata unaufikiria wa kulia. Ukiidondosha kichwani, unapata shati la mikono miwili ya upande mmoja, na mteja amesimama mlangoni."

Mtafiti alikuwa anaandika. Mama mkwe akangoja hadi kalamu isimame. Alisema kwa sauti ya utani, lakini mkono ulikuwa umerudi mfukoni.

"Kwa hiyo akili ninayo?"

Yule dada hakukimbilia kujibu, na hilo nililipenda. "Mama, leo lililofeli ni swali langu," akasema. "Nilidhani neno langu lina maana moja kwa kila atakayelisikia. Wewe na mjukuu wako mmejibu mlichoulizwa. Hicho ulichofanya na tasi na limbi, mimi nimekishindwa mbele yenu. Karatasi ya kukipima sina."

"Basi itengeneze," mama mkwe akasema, akanyanyuka, kiti kikanyanyuka naye.

Kwa mwalimu mkuu tulikwenda wote watano, mdogo akiwa amelala. Mtafiti akaeleza, akaonyesha karatasi nne, akakumbusha tena kwamba hazikuwa za kumpangia mtoto darasa. Mwalimu mkuu akasikiliza, akaifunga miwani yake upya.

"Haya. Aende darasa la kwanza. Lakini huko asiwafundishe wenzake lugha ya majini."

"Si ya majini, mwalimu," mama mkwe akasema kwa adabu zote. "Ni ya mafundi."

Alipofika nyumbani hakubadilisha gauni. Alipanda stuli, akaitoa sketi nyuma ya boksi la nyuzi, akaikung'uta, akakaa. Cherehani ikaanza. Mimi nilikuwa sijajua kwamba nilikuwa naikosa sauti ile kiasi hicho. Hata mdogo mgongoni aliacha kulialia.

Shule ilipokaribia kufunguliwa, mtafiti alituletea karatasi moja, maelezo mapya anayotumia sasa. Nilimsomea mama mkwe: "Nitakutajia namba. Wewe anza na ya mwisho, umalizie na ya kwanza." Neno kinyume halikuwemo. Chini kabisa kulikuwa na maandishi ya mkono: Nteasa, Fundi. Nililisoma mara tatu sikulielewa.

"Asante!" Kifungo akasema kutoka chini ya meza. "Kasema asante, mama!"

Mama mkwe akaichukua karatasi, kwa kiganja kizima, akaisugua kati ya vidole. "Karatasi nzuri. Ngumu." Akachukua mkasi, akakata humo umbo la mfuko wa sketi, lile neno la mkono likiwa katikati. Akaitumia kukatia kitambaa cha mfuko, halafu akaitundika msumarini, pamoja na karatasi za kukatia nguo za wateja wake wa siku zote.

Sasa Kifungo yuko darasa la kwanza. Sketi ina pindo la vidole vinne, la kuteremsha akirefuka. Juzi alirudi na rula mpya ya mbao, anapima kila kilicholala: meza, pasi, mguu wa mdogo wake. Mwisho akamfuata bibi yake kwenye cherehani.

"Bibi, inchi tatu ni kiasi gani?"

Mama mkwe akaacha kukanyaga. Nami nikaiinua pasi, nikaiegesha. Alinyoosha mkono wa kulia, akaachanisha kidole gumba na cha shahada, akavituliza hewani. "Kiasi hiki."

Kifungo akaileta rula hadi kwenye vidole. Akainamia, ulimi nje, akahesabu kwa sauti.

"Tuta!" akasema. Kisha akakodoa macho. "Tuta na kijistari kimoja kidogo."

"Hicho kijistari ni cha kuachia mshono," bibi yake akasema, akarudi kwenye kazi yake. "Rula yenu haijui kuachia."